Ufundi wa Kompyuta Uanzie Mikononi

Katika kata ya Ruhembe, wilayani Kilosa, mwananchi analima miwa. Malipo yake hutegemea mambo mawili: uzito wa miwa na kiwango cha sukari kilichomo. Yote mawili hupimwa kwa mitambo. Katika vyombo vya kisasa vya kupimia mna kijikompyuta kiitwacho maikrokontrola, ambacho husoma kipimo, hupiga hesabu na kutoa jibu. Mkulima hulipokea jibu. Jinsi lilivyopatikana hajui, na mwanawe aliyeko sekondari mara nyingi hajui vilevile. Hilo ndilo jambo tunalotaka walimu na watumishi wa umma walitafakari.

Wapo wanaodhani kwamba elimu hii yahitaji maabara ya mamilioni. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 2005, mjini Ivrea, Italia, ilianzishwa bodi iitwayo Arduino, na mchoro wake ukatolewa hadharani ili kila mtu aweze kujitengenezea yake. Viungo vya lazima ni vichache: chipu ya ATmega328P yenye miguu 28, kristali ya megahezi 16, kapasita mbili za pikofaradi 22, nyingine ya nanofaradi 100 ya kutuliza umeme, na rezista ya kiloomu 10. Umeme wa volti 5 hutoka katika chaja ya simu. Shule ikinunua bodi moja tu iliyokamilika, bodi hiyo yaweza kuingiza programu katika chipu nyingine zote.

Tutaulizwa: kwa nini tuhangaike, ilhali bodi zilizo tayari zinauzwa, tena nyingine kwa bei nafuu? Swali hilo ni la haki. Bodi iliyonunuliwa mwanafunzi huitumia. Aliyoijenga mwenyewe huielewa. Chipu ikiungua, huichomoa katika soketi yake akaweka nyingine, wala haitupi bodi nzima. Hatujidanganyi kwamba chipu yenyewe inatengenezwa hapa, inatoka ng'ambo. Lakini kuiunganisha, kuiamuru na kuirekebisha ni kazi tunayoiweza.

Kazi za kuifanyia hazikosekani. Kilosa haijasahau mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010. Kwa boya, swichi na king'ora kidogo, mwanafunzi aweza kujifunza jinsi kina cha maji kinavyopimwa na jinsi onyo linavyotolewa. Chombo hicho hakichukui nafasi ya tahadhari za Serikali, lakini humfundisha kijana maana yake. Bustani ya shule nayo yafaa kupimwa unyevu wa udongo. Sharti ni moja: majaribio yaishie kwenye volti 5, na umeme wa ukutani uachiwe mafundi.

Mkondo wa amali umeingia katika sekondari zetu tangu 2024, na Mikumi kipo chuo cha VETA. Walimu wa fizikia wasisubiri kuletewa vifaa vya bei kubwa. Wawaite mafundi redio walio jirani, wakae nao meza moja. Maafisa elimu nao watenge fungu dogo la kununulia chipu na waya.

Mtoto wa mkulima akielewa chombo kinavyopima, baba yake hatapunjwa kirahisi. Wala hatamshuku bure anayempimia.