MWANAFUNZI MCHUUZI ASIUZE HURUMA

Desturi ya wanafunzi kupita mitaani na maofisini wakiuza vitu ili kuwasaidia wasiojiweza si ngeni. Mtumishi wa serikali aliyeketi mezani pake mjini Dodoma hujiwa na vijana wawili waliovaa sare safi, mmoja kashika kikapu cha karanga. "Shikamoo, mzee," husema, "tunauza karanga ili tuwasaidie watoto wasioona." Mzee hutoa shilingi 500, hupokea pakiti bila hata kuitazama, na shughuli huwa imekwisha. Swali linalowapasa walimu na watumishi kujiuliza ni hili: katika dakika ile, vijana wale wamejifunza nini?

Yawezekana wamejifunza biashara. Yawezekana pia wamejifunza kwamba mtu akilitaja jina la maskini kwa sauti ya unyenyekevu, fedha hutoka mfukoni mwa mwenziwe bila maswali. Mafunzo hayo mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza hujenga taifa, na la pili huandaa matapeli.

Wazo la kuunganisha darasa na kazi ya mikono lina mizizi mirefu nchini. Mwezi Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika kupanga na kuamua. Yaliyofuata yanafahamika. Katika shule nyingi jembe lilipokewa, lakini daftari la hesabu likabaki ofisini. Wanafunzi walilima, mazao yakauzwa, wala hawakuelezwa yaliuzwa kwa bei gani na fedha zilikwenda wapi. Kazi ikageuka kuwa adhabu, na kujitegemea kukabaki jina tu. Kosa hilo halifai kurudiwa kwa kikapu cha karanga.

Huko Marekani, mwaka 1917, wasichana wa skauti wa mji wa Muskogee, jimbo la Oklahoma, walioka biskuti na kuziuza katika ukumbi wa chakula wa shule ya sekondari ili wagharimie shughuli za kikundi chao. Desturi hiyo ilienea nchi nzima na imedumu zaidi ya miaka 100. Isingedumu hivyo kwa huruma peke yake, kwani huruma huchoka upesi. Imedumu kwa sababu anayetoa fedha huipata biskuti na huila.

Uwanda wa kati haukosi bidhaa ya kuuzwa kwa haki. Upo ubuyu, zipo zabibu, ipo alizeti, ipo asali, na upo mlenda mkavu wa Wagogo. Wala haukosi wahitaji. Buigiri, wilayani Chamwino, ipo shule ya watoto wasioona, na mtoto asiyeona hawezi kusoma bila karatasi za nukta nundu. Basi na uchukuliwe mfano wa wanafunzi wanaotaka kuisaidia shule kama hiyo.

Tuseme wanakopeshwa mtaji wa shilingi 90,000. Wananunua kilo 20 za karanga kwa shilingi 70,000, na shilingi 20,000 zinaingia katika chumvi, mkaa na vifungashio. Wanapata pakiti 300, wanaziuza zote kwa shilingi 500 kila moja, na mkononi wanashika shilingi 150,000. Hapo ndipo mtihani unapoanza. Fedha za watoto wasioona ni kiasi gani? Si 150,000. Mtaji ukirudishwa, zinabaki 60,000. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 500 aliyotoa mzee yule, shilingi 200 tu ndizo zinazokwenda kwa watoto. Pakiti 20 zikiharibika au zikiliwa njiani, shilingi 10,000 zimepotea, na waliopotezewa ni watoto.

Je, mzee aliambiwa hivyo? Kijana anayesema "fedha yako yote inakwenda kwa wasioona" amesema uongo, hata kama nia yake ni njema. Kijana anayesema "katika shilingi 500 hizi, 200 ni za watoto, na karanga hizi zimekaangwa jana" amesema kweli, na amefanya biashara. Huyu wa pili ndiye anayefaa kupewa alama. Tena mnunuzi aliyeambiwa kweli hurudi, ilhali aliyedanganywa huanza kumtilia shaka kila anayeomba, hata yule mwenye shida ya haki.

Nchi ya Dodoma inaijua gharama ya hesabu isiyofanywa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa kwa matrekta na mamilioni ya pauni, bila kuichunguza vema ardhi wala mvua yake. Kufikia 1951 mpango ule ulikuwa umekufa. Wakubwa wale walishindwa kwa kupuuza hesabu. Mwanafunzi anayeandika matumizi yake kila jioni ana busara kuliko wao.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni kulazimisha. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango kwa wanafunzi shuleni, baada ya wazazi kulalamika kwamba elimu iliyotangazwa kuwa bila ada ilikuwa imejaa malipo. Mwalimu anayempa mtoto pakiti 10 na kumwambia arudi na shilingi 5,000, ziuzike zisiuzike, ameurudisha mchango kwa mlango wa nyuma. Pakiti zisiponunuliwa, atakayelipa ni mama yake mtoto, na huenda mama huyo mwenyewe ni miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa.

Aidha, uuzaji wa mkono kwa mkono una jirani mbaya. Mwaka 2009, DECI iliposimamishwa, maelfu ya Watanzania walikuwa wamekwisha "kupanda" fedha zao wakitumaini "kuvuna" maradufu. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu. Miongoni mwa waliopanda walikuwamo watu waliosoma. Hawakufundishwa mapema kuuliza swali moja jepesi: bidhaa iko wapi, na faida hii inatoka kwa nani? Mwanafunzi aliyekaanga karanga na kuhesabu faida yake kwa vidole atauliza.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeleta somo la Elimu ya Biashara katika sekondari. Somo hilo lisiishie ubaoni. Wala isiendelezwe ile kasumba kwamba kuuza kwa mkono ni kazi ya aliyeshindwa shule, kwani wahitimu wengi wa leo hawatapata kiti ofisini. Kinachotakiwa si kikubwa. Wanafunzi wachague wenyewe bidhaa na wa kumsaidia. Asilazimishwe mtu kuuza wala kununua. Bei na sehemu ya msaada viandikwe juu ya pakiti. Hesabu ibandikwe ukutani mahali ambapo mzazi ataisoma, na stakabadhi ya waliosaidiwa ibandikwe kando yake.

Naye mtumishi ana wajibu wake. Vijana wakija na kikapu, asitoe shilingi 500 ili waondoke upesi. Aifungue pakiti, aionje, na aulize: "Katika hizi, ngapi ni za watoto?" Wakijibu bila kusita, anunue mbili. Wakibabaika, awaambie kwa upole wakapige hesabu, kisha warudi kesho.