WANATUUZIA HEWA YETU WENYEWE



Mpunga ukishavunwa katika bonde letu la Kyela, kutoka mpakani Songwe hadi Matema, wako wengi wetu wanaopanda kunde katika unyevu uliobaki ardhini, na ndugu zetu wa juu Rungwe hupanda maharage. Hapo ndipo afikapo mtu na mfuko wa yurea. Asema bila huo hupati kitu. Huna fedha? Chukua tu, utalipa kwa mpunga wa mwaka ujao, au kwa kakao ingali changa mtini. Sisi twasema biashara hiyo, kwa mkulima wa kunde, ni wizi, na sababu tunazo.

Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Na naitrojeni ni nini? Karibu sehemu nne katika tano za hewa tunayovuta ni hiyo hiyo. Mahindi na mpunga haviwezi kuichukua hewani, kwa hiyo vina haki ya kupewa. Lakini kunde! Ng'oa mche wa wiki sita, kung'uta udongo, tazama mizizi. Utaona vinundu kama shanga. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, ujue kinafanya kazi. Humo mna vijidudu vinavyoivuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea pasipo kudai senti. Ukiumwagia mmea yurea, vinundu hupungua na kazi hulala. Basi mkulima amekopa fedha ili awaachishe kazi vibarua wake wa bure!

Tusidanganyane: maharage ni mvivu kuliko kunde kwa kazi hiyo, na penye udongo uliochoka yaweza kufaidika na naitrojeni kidogo ya kuanzia. Kidogo, si mfuko.

Wala sisi si maadui wa mbolea ya chumvichumvi. Jamii yote ya kunde yahitaji fosifeti, na hiyo haitoki hewani. Udongo wa volkano wa Rungwe huikamata fosifeti ukainyima mimea. Nchi yetu ina mwamba wake wa fosifeti huko Minjingu, mkoani Manyara, nao hufanya kazi vizuri zaidi penye udongo wenye tindikali. Je, mwenye mfuko wa yurea amewahi kukutajia mwamba huo? Mwaka 2022 bei ya mbolea duniani ilipopanda, mfuko ukapita shilingi laki moja. Serikali ikatoa ruzuku, ukashuka hadi 70,000. Tulishukuru. Lakini tuliona pia kwamba chakula chetu kimefungwa kamba, na ncha ya kamba iko ng'ambo.

Sasa tuje kwenye maji, maana ugomvi wenyewe uko hapa. Pwani yetu ya Ziwa Nyasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, lakini mvua hiyo haiji kwa zamu. Masika yakifurika, yurea huyeyuka ikafuata Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi ziwani. Kiangazi kikiingia, udongo wa juu hukauka, na chumvichumvi iliyokaa karibu na mbegu huunguza mche. Kwa shamba lisilo na mfereji, samadi iliyooza ndiyo ya kutangulia, kwa kuwa huushika unyevu. Penye mfereji unaotiririka, hapo fosifeti kidogo juu ya samadi hulipa, kwa sababu mizizi ina maji ya kuinywea. Atakayekuandikia dawa moja kwa mashamba hayo mawili hajafika shambani kwako.

Wazee wa Kinyakyusa walijua. Walifagia mazizi wakapeleka samadi migombani, wakafukia majani ndani ya matuta. Sisi tuliotoka vyuoni tuliwacheka, na leo twaona haya. Siku hizi samadi hulala nje, jua na mvua vikaimaliza nguvu, na mwenye ng'ombe yu dukani akiuliza bei. Ichimbiwe shimo, ifunikwe kwa majani ya migomba. Ni kazi ya siku mbili.

Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilisema siasa ni kilimo. Tumelitaja mikutanoni mpaka sauti zikakauka, na mifereji ikajaa tope. Tena wamo miongoni mwa wakala wa mikopo hiyo wenye kadi za Chama mfukoni. Tunawaambia waziwazi: wachague.

Kabla ya upandaji ujao, kila tawi lizibue mfereji wake, kisha lipime vipande vya kunde vilivyo sawa kwa hatua: cha samadi peke yake, cha fosifeti peke yake, cha vyote viwili, cha yurea, na kisichowekwa kitu. Vipande hivyo viwe penye maji, na vingine kama hivyo viwe pasipo maji. Kunde zikikauka zipimwe kwa mizani, si kwa lumbesa. Bwana Shamba awepo. Na yule mwenye mfuko naye aalikwe, aje na daftari lake la madeni.