Makundi ya Tongaren yahitaji daftari kabla ya ng'ombe wa msaada

WAKAZI wa Tongaren, katika Kaunti ya Bungoma, si wageni katika masuala ya makundi. Tangu mashamba ya walowezi yalipogawiwa wananchi katika miaka ya 1960, wakulima wa Ndalu, Naitiri na Soysambu wamekuwa wakichangishana ili kununua mbegu, kugharamia mazishi na kusomesha watoto. Kilicho adimu ni ruzuku ya kuliimarisha kundi lenyewe.

Wahisani wengi hupendelea kutoa kitu kinachoonekana: ng'ombe wa maziwa, mizinga ya nyuki au vifaranga. Siku ya kukabidhi huwa na hotuba na picha. Lakini ni nani atakayelipia mafunzo ya mweka hazina, ukaguzi wa vitabu vya hesabu, au uandishi wa katiba inayoeleza jinsi viongozi watakavyobadilishwa? Gharama hizi huchukuliwa kuwa matumizi ya ofisi, na huwa za kwanza kuondolewa kwenye bajeti.

Matokeo yake yanajulikana. Mwenyekiti akihama au kufariki, stakabadhi hubaki nyumbani kwake na akaunti ya benki hukwama. Wanachama hushukiana na mwishowe kundi husambaratika ilhali ng'ombe wangali hai. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna funzo katika mradi wa kilimo wa NARIGP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mnamo 2016. Ulihusisha kaunti 21, zikiwemo Bungoma na jirani yake Trans Nzoia. Pamoja na kutoa ruzuku kwa makundi ya wakulima, ulitenga fedha za kuyafunza na kuunda kamati za wananchi za kuchunguza mapendekezo na matumizi. Mradi wa NAVCDP, ulioidhinishwa 2022, umetilia mkazo vyama vya akiba na mikopo vya wakulima. Hatua hiyo ni ya busara, kwani mradi hufikia kikomo lakini chama chenye hesabu safi huendelea.

Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inayataka makundi kuwa na katiba na viongozi wanaotambulika. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 nayo ilianza kutekelezwa Mei 2024, baada ya kusubiriwa kwa zaidi ya miaka 10. Kundi lisilojua kuandika kumbukumbu za mikutano litatatizika kupata cheti, na bila cheti haliwezi kupata ruzuku.

Suala hili limekuwa la dharura zaidi tangu Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025 na shirika la USAID kufungwa Julai mwaka huo. Fedha zikipungua, ushindani wa zile zilizosalia huwa mkali. Atakayefaulu ni mwenye vitabu vilivyokaguliwa, wala si mwenye shida kubwa zaidi. Kwa hivyo, makundi ya wajane na walemavu vijijini yamo katika hatari ya kuachwa nyuma na mashirika ya mijini yenye wahasibu.

Ipo haja kwa serikali ya kaunti kuwatuma maafisa wa maendeleo ya jamii na ushirika hadi mashinani, badala ya kuwasubiri wananchi ofisini mjini Bungoma. Wafadhili nao watenge sehemu ya kila ruzuku kwa mafunzo ya uongozi na uhasibu, na watoe fedha kwa awamu kadiri kundi linavyojimudu.

Hata hivyo, wanachama wenyewe wasikwepe wajibu. Kudai kusomewa hesabu kila mwezi si kumkosea mwenyekiti heshima. Kundi lisiloweza kueleza zilivyotumika shilingi 100 za mchango wa kila mwanachama haliwezi kuaminiwa na mamilioni ya mfadhili.