Barua ya Wazi: Kuku Mkavu wa Mtoto Asitozwe Faini

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mwandishi wa barua hii ni mama wa mtoto mwenye mzio wa maziwa. Mwezi uliopita, katika mkahawa mmoja wa Nyali, aliagiza sahani ya watoto ya shilingi 650: wali, kuku wa sosi ya krimu na kachumbari. Akaomba kuku aletwe mkavu. Mhudumu aliitikia vizuri, wala hakutaja bei. Bili ilipofika iliandikwa "sahani ya mtu mzima, 1,400", na chini yake, "mabadiliko, 200". Kilicholetwa mezani kilikuwa wali wa kikombe kimoja na paja moja la kuku. Meneja alieleza kwamba sahani ya mtoto ikibadilishwa si ya mtoto tena.

Shilingi 950 zaidi, kwa chakula kilichopungua.

Malalamiko yalipelekwa katika ofisi moja ya umma. Jibu lilikuwa kwamba hayo ni maelewano ya mteja na mwenye mkahawa. Kwa heshima zote, sivyo. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ambayo Mamlaka yako ndiyo inayoisimamia, kinakataza kumtoza mteja ada yoyote, iitwe jina lolote, ambayo hakujulishwa kabla ya kuhudumiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji kuhusu anachokinunua.

Tazama basi kinachofuata. Mzazi aliyetozwa hivyo, safari nyingine atanyamaza. Atapokea sahani kama ilivyo na kuipangusa sosi kwa kijiko. Maziwa yaliyokwisha kulowana kwenye nyama hayatoki kwa kijiko, na kwa mtoto mwenye mzio mkali kiasi kidogo tu chatosha kumtoa vipele, kumvimbisha midomo au kumbana pumzi. Mzazi atanyamaza kwa sababu ya shilingi 950, na mtoto atakula kinachomdhuru. Bibi mwenye presha, anayetaka chakula kisicho na chumvi, naye hunyamaza hivyo hivyo.

Wenye mikahawa wana hoja yao. Kikaango kikioshwa upya, kuku akipikwa kando Jumapili mchana watu wamejaa, hiyo ni kazi na ina gharama. Na iandikwe kwenye menyu, mteja aamue mapema. Lakini sosi ya siku ile ilikuwa ya kumiminwa kwa upawa juu ya kuku aliyekwisha iva. Kumwacha mkavu kulimpunguzia mpishi kazi. Mama huyu alitozwa 200 kwa upawa ambao haukuinuliwa.

Kwingineko jambo hili limepangiwa utaratibu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, mikahawa inalazimika kumweleza mteja kama chakula kina chochote kati ya viambato 14 vinavyojulikana kuleta mzio, maziwa yakiwemo. Huko mzazi akiuliza, swali lake lina sheria nyuma yake. Hapa akiuliza, analipishwa.

Kinachoombwa ni tangazo la Mamlaka kwa mikahawa yote: kuondoa kiambato kusitozwe chochote; ada ya upishi wa kando iandikwe kwenye menyu; na sahani ya mtoto ibaki na bei ya mtoto, iwe na sosi au isiwe nayo. Aliyetozwa kinyume arudishiwe pesa zake.

Na macho yasiishie kwenye mikahawa, Mheshimiwa. Ada ya mfuko, ada ya kufungasha, ada ya huduma: zote zinamvizia mteja chini ya risiti, na maofisa wanaolipwa kumlinda wanamwambia akaelewane na muuzaji. Wakenya wamechoka kuelewana na mtu aliyekwisha kuchukua pesa zao.

Tangazo hilo litoke kabla ya likizo ya Desemba, familia zinapofurika Pwani, na liandikwe kwa Kiswahili pia, ili mhudumu na mteja walisome pamoja.

Mzazi, Mombasa