Meseji Imeingia kwa Nani?

Mwezi huu naomba nikupeleke mbali kidogo, Unyamwezini, tena kule kwenye baridi yenyewe haswa, jimbo la Minnesota. Usiogope, hatuhami mada. Ni ile ile ya siku zote: watu wawili, nyumba moja, na mambo madogo yanayokuja kuwa makubwa.

Ninaye shoga yangu tuliyesoma naye chuo. Alikwenda huko na mumewe na watoto wao wawili, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7. Shoga yangu alipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi. Shemeji akawa anabeba mabox usiku kwenye ghala. Maisha ya majuu si unayajua tena: mmoja anaingia, mwingine anatoka, mnaonana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Kaniruhusu nisimulie haya, mradi nisitaje jina lake wala la shule.

Ilikuwa Januari, msimu wao wa kwanza wa baridi. Saa 11:20 alfajiri, ofisi ya wilaya ya elimu ilituma meseji kwa wazazi wote: leo shule zimefungwa, baridi imezidi kiwango, watoto wabaki nyumbani. Meseji ilitumwa kwa wakati, kwa lugha rahisi, haikuwa na kasoro hata moja. Ila ilikwenda kwenye namba iliyoandikwa kwenye fomu siku ya kuandikisha watoto, na namba hiyo ilikuwa ya baba. Simu ya baba muda huo ilikuwa ndani ya kabati, kwa sababu kule ghalani hawaruhusiwi kuingia nayo.

Mama hana habari. Kawavalisha watoto, kawabusu, kakimbilia zamu yake. Saa moja kasoro robo binti akamsindikiza mdogo wake kituo cha basi, gizani. Januari kule jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi, kwa hiyo huwezi hata kuona kama barabara ina watu. Wakasimama. Basi halikuja. Dogo akaanza kulia kwamba vidole havimsikii, dada mtu akavua glavu zake akamvisha juu ya zile alizokuwa nazo. Karibu dakika ishirini zikapita, ndipo jirani mmoja aliyetoka kuwasha gari akawaona na kuwapigia kelele: "Rudini ndani, leo hakuna shule!"

Dogo alipona bila tatizo. Vidole vya binti viligeuka vyeupe, kisha vikavimba na kutoka malengelenge. Daktari alisema ana bahati. Binti huyo alikuwa ndiyo kwanza kachaguliwa timu ya mpira wa kikapu ya shule. Akakaa benchi wiki tatu.

Usiulize nyumbani kulikuwaje. "Simu unayo wewe!" "Na wewe uliyekuwepo nyumbani hukuona hali ya hewa?" Shoga yangu anasema walifika mahali wakawa wanaongea mambo ya watoto tu, tena kwa kifupi, kama watu wa ofisi mbili tofauti.

Mzaha wa baridi

Sisi wa huku tukisikia shule imefungwa kwa sababu ya baridi tunacheka. Tusicheke. Januari 30, 2019, Minneapolis ilifika nyuzi 33 za sentigredi chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa. Kesho yake, sehemu iitwayo Cotton, kaskazini mwa jimbo hilo hilo, ilipimwa nyuzi 49 chini ya sifuri. Hata posta ya Marekani, ambayo watu wake wanasifika kwa kutembea na barua kwenye mvua na theluji, ilisimamisha kupeleka barua Minnesota. Wataalamu wa hali ya hewa wa kule wanasema baridi pamoja na upepo ikifika kama nyuzi 37 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika kama kumi. Watoto wa shoga yangu walisimama karibu mara mbili ya muda huo.

Uamuzi wa kufunga shule kwa kawaida ni wa mkuu wa wilaya ya elimu. Usiku wa manane watu wake wanaingia barabarani kuangalia kama magari ya kukwangua theluji yamepita, wanawasha mabasi kuona kama yanaitika, maana dizeli nayo huganda, wanaongea na watu wa hali ya hewa na wilaya jirani. Mara nyingi kabla ya saa 12 asubuhi jibu liwe limetoka. Na si kufunga tu. Wanaweza kuchelewesha kufungua kwa saa mbili, wanaweza kurudisha watoto mapema, au kuwasomesha kwa kompyuta wakiwa nyumbani. Mara moja moja uamuzi unatoka juu zaidi: Januari 6, 2014, gavana wa wakati huo, Mark Dayton, alifunga shule za umma za jimbo zima, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika kwa miaka 17.

Zamani familia za huko zilikaa jikoni na redio, WCCO ya Minneapolis ikisoma orodha ndefu ya shule zilizofungwa, watoto wakiomba kimoyomoyo yao itajwe. Siku hizi ni simu ya kujipiga yenyewe, meseji, barua pepe, programu ya simu. Redio ilimwamsha kila aliyekuwepo nyumbani. Simu inamwamsha mwenye namba.

Na wakubwa nao wakikosea muda, watoto wanalipa. Mwezi ule ule wa Januari 2014, tarehe 28, theluji isiyofika hata sentimita 8 iliangukia Atlanta, mji usioizoea. Shule, ofisi na serikali waliruhusu watu karibu wakati mmoja mchana. Barabara zikafunga. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni na walimu wao, wengine walikwama ndani ya mabasi hadi usiku. Teknolojia nayo isikudanganye. Februari 13, 2024, New York iliamua watoto wasome kwa intaneti badala ya kupewa mapumziko ya theluji, wanafunzi wapatao 900,000. Asubuhi wengi walishindwa kuingia kwenye mfumo, wazazi wakabaki wanatazamana na kompyuta.

Kiti kitupu uwanjani

Turudi kwa shoga yangu. Vidole vya binti vikapona, akarudi uwanjani. Sasa sikiliza hii. Fomu ya michezo aliijaza mama, akaandika namba yake. Kwa hiyo habari zote za kikapu zilikuwa zinaingia kwake: mechi imeahirishwa kwa theluji, mechi imehamishiwa Alhamisi, basi la timu litarudi saa tatu usiku, mzazi aje kumchukua. Mara nyingi kule shule ikifungwa kwa dhoruba na michezo ya jioni hufutwa, halafu inapangwa upya, kwa hiyo msimu wa baridi ratiba inabadilika kama kinyonga. Mama alikuwa anasoma, anapanga, anakimbia. Baba hakuambiwa, kwa sababu wawili hawa walikuwa wameacha kuambiana.

Mechi nne baba hakuonekana. Ya tano binti akamwambia mama yake ndani ya gari, bila hasira: "Baba hapendi kikapu, eeh? Au bado amenikasirikia kwa ajili ya siku ile ya basi?"

Shoga yangu alisimamisha gari pembeni. Anasema hapo ndipo alipoona ukweli wote. Yeye alimlaumu mumewe miezi miwili kwa kukaa na meseji moja bila kujua. Na yeye alikuwa amekaa na meseji kumi na mbili akijua. Mtoto ametoa glavu zake kwa mdogo wake, halafu anadhani ndiye mwenye kosa.

Usiku ule alimsubiri mumewe hadi alfajiri. Hakumwita baba fulani, alimwita kwa jina la uchumba. Akampa simu, akamwambia soma. Shemeji alisoma meseji zote za kocha kuanzia ya kwanza. Alipomaliza akauliza swali moja tu: "Inayofuata lini?"

Walichofanya baada ya hapo

Hakuna muujiza, ni vitu vidogo tu. Walikwenda ofisi ya shule wakaomba namba zote mbili ziandikwe, za masomo na za michezo. Wakaongeza na namba ya tatu, ya yule jirani wa gari, maana ameshathibitisha kwamba ni mtu. Wakakubaliana kwamba nani akipata meseji lazima mwenzake ajibu "nimeona", na asipojibu anapigiwa kazini kwenye namba ya ofisi. Wakapanga mapema: shule ikifungwa, nani anabaki na watoto? Zamu ya nani ina msamaha, na ya nani haina? Swali hili usilijibu alfajiri mkiwa na usingizi, mtagombana.

Jambo jingine ambalo wengi wetu tulio ughaibuni hatulijui: lugha. Marekani, sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa asili yao, na Mahakama Kuu mwaka 1974, katika kesi ya Lau na Nichols, iliona kwamba kumwacha mtoto darasani na lugha asiyoielewa ni kumnyima elimu. Kwa hiyo mzazi asiyejua Kiingereza vizuri asione haya kuomba mkalimani au tangazo kwa lugha yake. Kwa Mkongo aliyefika juzi na anayesikia Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote mjini, neno moja kama "zimefungwa" linaweza kuokoa vidole.

Huku nyumbani tusidhani hayatuhusu. Sisi hatuna theluji, tuna maji. Mwaka 2024 mafuriko yalisababisha Kenya isogeze mbele ufunguzi wa shule, kutoka Aprili 29 hadi Mei 6, kisha tena, mpaka zikafunguliwa Mei 13. Tangazo la kwanza lilitoka usiku wa kuamkia siku yenyewe ya kufungua. Fikiria mwanafunzi wa bweni ambaye sanduku limeshafungwa na nauli imeshakatwa. Simu ya nani ililia usiku ule, na ya nani ilikuwa imezimwa?

Kwa hiyo nakuuliza wewe, dada uliye na kundi la wazazi kwenye simu yako, na wewe kaka unayesema "mama yake anajua". Namba ya mwenzako ipo shuleni? Unajua jina la kocha, la dereva wa basi, la mwalimu wa darasa? Kubeba habari zote za mtoto peke yako ni mzigo, na unachosha. Lakini kuna wakati tunazikumbatia makusudi, ili siku ya ugomvi tupate cha kusema. Hapo si mzigo tena, ni silaha. Na anayeumia ni yule aliyekaa kiti cha nyuma ya gari.

Mechi ya sita shemeji alikwenda. Alitoka kazini, hakulala, akakaa safu ya mbele na koti lake la ghalani. Anasema hakuelewa sheria hata moja ya kikapu, alikuwa anashangilia kila mpira ukigusa mikono ya binti yake, hata anapopoteza. Timu ilifungwa. Binti alitabasamu mpaka nyumbani.

Januari iliyofuata, saa 11 na dakika kadhaa alfajiri, simu mbili zililia kwa pamoja. Shemeji alikuwa na mapumziko siku hiyo. Shoga yangu akafumbua jicho moja, akasoma, akaandika "nimeona" akamtumia mumewe aliyelala pembeni yake. Simu ya mume ikalia tena. Wakacheka mpaka wakawaamsha watoto.

Tukutane mwezi ujao. Na kabla hujafunua ukurasa mwingine, muulize mwenzako: namba yangu ipo?