Ondoeni kipanya kabla ya kulipa

Afisa wa serikali anayetaka kujua kama tovuti ya idara yake inawafaa watu wenye ulemavu hana haja ya kuagiza ripoti. Achomoe kipanya kwenye kompyuta, afungue fomu ya kuomba huduma, kisha aijaze hadi mwisho kwa kibodi pekee: Tab kusonga mbele, Shift na Tab kurudi nyuma, mishale kuchagua, Enter kuthibitisha. Akikwama, ajue kuna wananchi waliokwama papo hapo kabla yake.

Asiyeona hatumii kipanya, kwa sababu mshale wa kwenye skrini haumsaidii kitu. Anaiongoza kompyuta kwa vitufe huku programu ya kusoma skrini ikimtajia kilichopo. Anayetetemeka mikono hawezi kulenga kijisanduku kidogo. Aliyepooza huandika kwa kijiti alichokishika kwa meno, au kwa swichi moja anayoibonyeza kwa kichwa au kwa mguu, programu ikimpitishia chaguo moja baada ya jingine. Mwanafizikia Stephen Hawking aliandika kwa msuli wa shavu lake. Vifaa hivyo havifanani kwa sura wala kwa bei, lakini vingi vinaingia kwenye tovuti kwa mlango mmoja, ule wa kibodi. Ukifungwa, wote wamebaki nje.

Na kibodi yenyewe ina historia ambayo wabunifu wetu wangefaa kuijua. Miongoni mwa mashine za kwanza kabisa za kupiga chapa zinazojulikana ni ile ya Mwitaliano Pellegrino Turri, iliyokuwa ikitumika mwaka 1808. Aliitengeneza ili rafiki yake asiyeona, Carolina Fantoni, aandike barua zake mwenyewe bila kumtegemea karani. Baadhi ya barua hizo zipo hadi leo.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, Kenya imemrudisha karani. Sasa anakaa saiba.

Mwishoni mwa Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, jukwaa lake la huduma za mtandaoni, na msimamo wake tangu hapo ni kwamba huduma za umma zihamie mtandaoni. Ni hatua njema kwa anayeweza kuitumia. Asiyeweza kumaliza fomu anakwenda saiba, anamtajia mhudumu nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na nenosiri, halafu anamkabidhi simu ili msimbo wa uthibitisho usomwe. Wanaosubiri zamu nyuma yake wanasikia yote. Akimaliza, analipa. Wahudumu wengi wa saiba ni watu waungwana, hilo hatulikatai, lakini mtu mzima mwenye akili timamu na vidole viwili vinavyofanya kazi hafai kulazimika kumtegemea muungwana ili alipe ushuru wake mwenyewe.

Kinachoudhi ni kwamba makosa mengi ni ya uzembe. Mtengenezaji wa tovuti anachora kisanduku chenye rangi ya kuvutia na neno “Wasilisha”, ila hakukifanya kitufe halisi. Kipanya kinakibofya, Tab inakiruka kana kwamba hakipo. Mwingine anaufuta ule mstari unaoonyesha umefika wapi kwenye ukurasa, eti unaharibu sura, na mtu anayeona lakini asiyeweza kushika kipanya anabaki akibahatisha. Pengine linafunguka dirisha dogo la tangazo, na hakuna kitufe kinacholifunga wala kinachokutoa humo. Na ile kalenda ya tarehe ya kuzaliwa inayomtaka mzee wa 1958 arudi nyuma mwezi mmoja mmoja hata mwenye mikono mizima anailaani.

Kanuni hazikukosekana. Miongozo ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zifikiwe na wote, WCAG, imetaka tangu 2008 kila kazi ya kwenye ukurasa iweze kufanywa kwa kibodi, na imeliweka sharti hilo katika ngazi ya chini kabisa, A. Kenya ina kiwango chake yenyewe, KS 2952 cha 2022. Kipengele cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na hali yake. Mwaka 2025 tulipata pia Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003.

Gharama nayo isitajwe kama kisingizio. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, na kuendelezwa naye pamoja na mwenzake asiyeona, James Teh, hutolewa bure. Ndani ya Windows, ukibonyeza Shift mara tano unaletewa huduma ya kumwezesha mtu wa kidole kimoja kubonyeza vitufe kimoja kimoja pale ambapo wengine hubonyeza viwili kwa pamoja. Vijana wa gemu wanaijua kama kero tu.

Wapo wanaotuambia tusubiri teknolojia ya sauti. Kweli, tangu 2017 Google inaandika Kiswahili kinachotamkwa kwenye simu, na wengi wamenufaika. Lakini mtindio wa ubongo mara nyingi hugusa mikono na ulimi pamoja, na matamshi ya mtu huyo huenda simu isiyaelewe. Isitoshe, nani atatamka nenosiri lake ndani ya matatu? Na sauti iwe safi namna gani, haitabonyeza kitufe ambacho si kitufe.

Dawa iko kwenye mkataba. Kila zabuni ya mfumo wa umma, ya wizara au ya kaunti, iwe na kifungu kimoja: kabla kazi haijapokelewa, watumiaji wenye ulemavu, mmoja wa kibodi pekee na mwingine wa programu ya kusoma skrini, waijaze fomu kuanzia mwanzo hadi risiti mbele ya kamati ya kupokea kazi. Walipwe kwa kazi hiyo kama wataalamu wengine. Wakikwama, mkandarasi arudi kurekebisha kwa gharama yake, na hundi isitiwe saini mpaka wamalize.