Paka mnene anayejikuna: huruma nayo ina kipimo



Wiki hii tumeona tuijibu barua ya dada yetu mmoja wa Unguja, ambaye nyumbani kwake wamefuga paka kwa mwaka wa nne sasa. Anasema paka huyo amenenepa hata akipanda baraza huhema, na papo hapo hujikuna kichwa na shingo usiku kucha, mpaka manyoya yamenyonyoka na ngozi imetoka vidonda. Amechomwa sindano mara tatu. Kila mara hupata nafuu ya wiki chache, kisha mwasho hurudi. Mume wa dada yetu amechoka na manyoya yaliyozagaa hadi kwenye mikeka ya kuswalia, naye amesema hali isipobadilika kabla ya Ramadhani, paka atatiwa kapuni apelekwe sokoni, akaishi na wenziwe penye mabanda ya samaki. Watoto wanalia. Mama mkwe amenyamaza, ila kila baada ya swala humtupia paka dagaa wawili watatu. Dada yetu anauliza kama kuna njia nyingine.

Njia ipo, kwa uwezo wa Allah, na inaanzia jikoni. Lakini kwanza tukumbushane nafasi ya mnyama huyu katika dini yetu. Imepokewa na maimamu wa hadithi, akiwemo Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Abu Qatada (Allah amridhie) alikuwa akitawadha, akaja paka, akamwinamishia chombo akanywa. Kabsha, mke wa mwanawe, alipomtazama kwa mshangao, Abu Qatada alimweleza kuwa Mtume (s.a.w) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Na katika Bukhari na Muslim tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Kuhusu manyoya yaliyodondoka kwenye nguo au mkeka wa swala, wanazuoni wamelifafanua jambo hilo katika vitabu vya fiqhi, na sheikh wa msikiti wenu atawaeleza. Mkeka hukung'utwa. Kiumbe aliyezoea mkono wa binadamu kwa miaka minne hakung'utwi.

Wengi wetu tumeifahamu hadithi ya mwanamke yule kwa upande mmoja tu, kwamba kosa ni kumnyima mnyama. Ni kweli kumnyima ni dhulma. Hata hivyo, kumshibisha kupita kiasi, au kumlisha kila siku kitu kinachomwasha mwili mzima, nako ni kumdhuru, ijapokuwa mkono unaotoa umejaa mapenzi. Amana hutunzwa kwa kipimo.

Mzio wa chakula, au aleji kama wengi tunavyoiita, ni hali ya kinga ya mwili kukikosea chakula ikakidhania adui. Kinachopigwa vita kwa kawaida ni protini. Kwa paka, vyakula vinavyotajwa zaidi ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku, yaani vile vile vinavyotoka kwenye sufuria zetu. Dada yetu ameshangaa iweje samaki amdhuru paka aliyemla tangu udogoni. Ajue kwamba ndivyo mzio ulivyo: mwili hauwezi kukichukia chakula ambao haujapata kukijua, na mara nyingi chanzo huwa ni kile alichokizoea. Dalili zake ni mwasho usiojali masika wala kiangazi, hasa kichwani, shingoni na masikioni, kujilamba mpaka manyoya yaishe, na kwa baadhi yao kutapika au kuharisha.

Hata hivyo, si kila mwasho ni wa chakula. Wa kushukiwa kwanza ni viroboto, hata kama hawaonekani, kwa sababu paka huwalamba na kuwameza. Wapo pia utitiri wa masikioni na fangasi wa ngozi. Daktari wa mifugo ayaondoe hayo kwanza, kisha chakula kichunguzwe. Na kuharisha baada ya kunywa maziwa ni jambo jingine: paka wengi waliokwisha kua hawana tena uwezo wa kutosha wa kusaga sukari ya maziwa. Huo si mzio, bali dawa yake ni ile ile, yaani maziwa yaachwe.

Ugumu wa barua hii ni kwamba maradhi mawili yamekutana katika mwili mmoja, na tiba ya moja huweza kulichochea la pili. Sindano za kutuliza mwasho wanazochomwa paka wengi ni za jamii ya steroidi. Hutuliza kweli, lakini huongeza njaa, na zikirudiwarudiwa huweza kumfikisha paka kwenye kisukari, hasa aliye mnene. Ukienda dukani kununua chakula cha kupunguza uzito, utakuta vingi vimetengenezwa kwa kuku, samaki au ngano. Ukinunua chakula cha wenye mzio, baadhi yake kina mafuta mengi, na paka asiyepimiwa ataendelea kunenepa. Na ukiamua kumnyima chakula ili akonde haraka, unamtia hatarini: paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na paka hufa kwa hilo. Kwa hiyo paka hafungishwi saumu.

Basi tushike utaratibu. Hatua ya kwanza ni kumjua adui. Vipimo vya damu, mate au nywele vya mzio wa chakula havitegemeki kwa wanyama. Njia inayoaminika ni lishe ya majaribio kwa muda wa wiki 8. Katika muda huo paka hula aina moja tu ya protini ambayo hajawahi kuila, au chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa kiwandani hata kinga ya mwili isiitambue. Chakula hicho cha kiwandani hupatikana katika maduka machache ya miji mikubwa na bei yake si ndogo. Atakayekinunua asome maandishi ya kwenye mfuko, kwani vyakula vingine vya wanyama vya kutoka ng'ambo huwa na nguruwe. Iwapo kinachouzwa hakikuridhishi, muulize sheikh, au chagua kingine.

Asiyekimudu anaweza, kwa maelekezo ya daktari, kutumia nyama ya sungura. Mbuzi naye hufaa kwa paka ambaye hajala ng'ombe, lakini wawili hao ni jamaa, na anayewashwa na mmoja huweza kuwashwa na mwenziwe. Kadhalika bata si kimbilio la uhakika kwa anayewashwa na kuku. Nyama ichemshwe tupu, bila chumvi, viungo, mafuta wala mifupa. Vitunguu maji na saumu visikaribie kabisa, maana huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mchuzi usimwagwe, kwa sababu kirutubisho kiitwacho taurini huyeyuka ndani ya maji. Paka akikikosa taurini kwa muda mrefu, moyo wake hudhoofika na macho yake huharibika. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa nyama tupu haina kalisi ya kutosha, daktari ataongeza virutubisho. Chakula cha namna hii ni cha majaribio. Kisifanywe cha maisha pasipo hesabu ya mtaalamu.

Mwasho ukipungua, kirudishwe chakula cha zamani kimoja kimoja. Mwasho ukirejea, mara nyingi ndani ya wiki 2, adui amejulikana. Wengi huiogopa hatua hii na kuiruka, kisha huishi na dhana miaka mingi.

Hatua ya pili ni uzito. Pitisha vidole ubavuni mwa paka. Mbavu zikihisika kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako, uzito ni mzuri. Zikiwa zimezama kama mifupa ya upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Ukimtazama kutoka juu, aonekane ana kiuno. Paka wengi wa kwetu hufaa kuwa na kilo 3 na nusu hadi 5. Tuseme paka wa dada yetu ana kilo 6 na anatakiwa afike 4 na nusu. Hesabu ya kuanzia ya matabibu itampa takriban kalori 170 kwa siku. Chakula kikavu chenye kalori 350 hadi 400 katika kila gramu 100 kitakuwa kama gramu 45 tu. Apungue karibu asilimia moja ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 60 mwanzoni, na kamwe asizidi asilimia mbili. Ni safari ya miezi sita au saba. Apimwe kila wiki au kila baada ya wiki mbili kwa mizani ya duka, akiwa ndani ya kapu, na namba iandikwe. Anayepungua kwa kasi, au anayekataa kula kwa siku nzima, apelekwe kwa daktari.

Kwa mwenye maradhi yote mawili, katika wiki 8 za majaribio chakula kipimwe ili asizidi kunenepa, lakini asibanwe sana. Adui akishajulikana, ndipo achaguliwe chakula kisicho na adui huyo chenye protini ya kutosha na kalori chache, na hesabu ya kupungua ianze.

Yote hayo yatabomolewa na dagaa wawili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi twaona namna kibaba hicho kinavyojaa: baba anaacha kichwa cha samaki pembeni mwa sinia, mtoto anampenyezea kipande cha mkate wenye siagi, dada wa kazi anamwekea ukoko, bibi anatupa dagaa, na kila mmoja anaamini kuwa ni yeye peke yake. Kwa paka mwenye mzio, tonge moja la chakula cha adui huvuruga majaribio yote. Hata kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama huweza kuyavuruga, basi daktari aulizwe. Majirani nao waelezwe kwa adabu, na ikiwezekana paka akae ndani kwa muda huo, maana mtaa una mabaraza mengi.

Hapa ndipo tungependa kumnong'oneza dada yetu. Usimkataze mama mkwe. Mtu mzima akikatazwa kitu kidogo anachokitoa kwa mkono wake, huona amekatazwa kupenda. Mpe yeye kopo la chakula na kipimo chake. Mwambie, "Mama, daktari amesema alishwe na mkono mmoja tu, nasi tumeona uwe wako." Gramu zile 45 zigawanywe mara tano, kila baada ya swala apewe fungu moja. Paka atamfuata yule yule, saa zile zile, na hakuna atakayekuwa ameondolewa furaha yake. Watoto nao wapewe kazi ya kucheza naye kwa kamba au kijitambaa dakika kumi asubuhi na jioni, wamkimbize kidogo. Wajue kuwa paka anataka kuwa nasi, si kula nasi tu.

Ramadhani inahitaji hadhari zaidi. Usiku nyumba huwa na sinia za futari mpaka daku, sambusa zina vitunguu, samaki wa nazi wamebaki, na kila mtu moyo wake ni mwepisi wa kutoa. Idd el-Hajj nayo huja na nyama ya udhiya, na paka anayewashwa na ng'ombe hufanyiwa sikukuu inayomkesha akijikuna. Mabaki yawaendee wahitaji na majirani, na yale yasiyofaa watu yafunikwe.

Kwa mume wa dada yetu tunasema haya kwa heshima. Uchovu wako tunauelewa, na nyumba ina haki ya kuwa safi. Lakini paka aliyefugwa ndani hajui kupigania kichwa cha samaki na paka wa sokoni, na ikiwa anayemwasha ni samaki, huko ndiko atakakolishwa ugonjwa wake kila siku mpaka umuue. Mpe wiki 8 za kipimo kabla ya kumpa kapu. Zikipita na hamkuweza kuendelea, mtafutieni nyumba nyingine itakayoambiwa ukweli wa hali yake, amana ihame mkono kwa mkono.

Tunamwomba Allah atupe macho ya kuwaona wasioweza kusema shida zao, na mikono inayojua kutoa na inayojua pa kukomea. Amin. Wallahu a'lam.